Mitaro Saba Kichwani mwa Musyimi

Jumanne ya pili ya mwezi wa Novemba, saa moja na nusu asubuhi, Ndila alipanda mlima akiwa na bakuli la plastiki, lile la samawati analochagulia ndengu. Ndani ya bakuli mlikuwa na nywele za shemeji yake. Alikuwa amezisuuza mara mbili.

"Baba Mwongeli," aliita mlangoni, "nywele zako zimefika kwangu."

"Zote?" Musyimi aliuliza kutoka ndani.

"Sikuhesabu. Za upande wa kulia zilikuja zimeshikana kama kipande cha zulia. Za kushoto zilikuja moja moja, nimeziokota kwenye kunde."

Musyimi alitoka, akavua kofia ya sufu, akainama ili Ndila aone. Hakukuwa na kitu. Mvua ya Jumatatu jioni ilikuwa imeteremsha kila kitu.

Shamba lao pale Kalamba liligawanywa na baba yao kabla hajafa: Musyimi akapata juu, ndugu yake akapata chini. Huyo ndugu naye alifariki, na chini akabaki Ndila. Sasa, mteremko wa Musyimi hauna mtaro hata mmoja. Mvua ikinyesha, maji huja mbio na kuingia kwa Ndila kupitia korongo ambalo mwaka juzi mtoto angeweza kuliruka, na leo linavukwa kwa ubao. Kutoka ukingo wa korongo hadi ghala la Ndila zilikuwa zimebaki hatua tisa. Alizipima Jumapili, akiwa bado na viatu vya kanisa. Kila mwaka alimwomba Musyimi achimbe mitaro, na kila mwaka Musyimi alimjibu, "Mitaro inakula shamba. Na trekta itageukia wapi?" Trekta hana.

Habari ya nywele ilianza mwezi wa Machi, Mwongeli bintiye alipochumbiwa. Musyimi alitazama picha za siku ile, akaona kwamba katika zote kumi na mbili jua lilikuwa limekaa juu ya upara wake. Harusi ilipangiwa Desemba. Akaenda Sultan Hamud kwa Daktari Gakenia, ambaye kliniki yake iko ghorofani, juu ya duka la dawa za mifugo.

"Kuna njia mbili," daktari alimweleza. "Ya kwanza, nakata ukanda wa ngozi kisogoni, upana wa kidole, sikio hadi sikio, halafu nashona. Ule ukanda naugawa vipande vidogo kabisa chini ya kioo cha kukuzia, halafu navipanda mbele. Nywele zinapatikana nyingi kwa siku moja, lakini kovu refu linabaki, na ukinyoa sana litaonekana. Ya pili, natoa shina moja moja kwa kisindano chenye tundu. Makovu yake ni vidoadoa tu na unapona upesi, lakini lazima nikunyoe kisogo chote, na tutakaa siku mbili."

"Hiyo ya pili ni kama kuhamisha miche ya sukuma," Musyimi alisema. "Ya kwanza ni kama kukata nyasi pamoja na udongo wake."

"Umeelewa kuliko wengi, mzee."

"Gani inashika?"

"Zote zinashika, mkono wa anayepanda ukiwa mzuri."

Musyimi alifanya kama afanyavyo mkulima akiletewa mbegu mbili: kulia ukanda, kushoto moja moja. Wiki za kwanza nywele zikaanguka, kama daktari alivyomwonya, na mwezi wa Agosti zikaota upya. Kulia zilikuwa nzito zaidi. Kushoto zililala vizuri zaidi. Watu wa soko walizilinganisha siku ya soko na hawakukubaliana.

Ndipo mvua ikaja. Musyimi alimpigia daktari simu.

"Upandaji wangu hauna kasoro," Daktari Gakenia alisema. "Ni mteremko wako ndio mkali. Mmomonyoko sikusomea."

Basi Ndila akamwita Kavindu, mwenyekiti wa mwethya, kikundi cha akina mama ambao kila Jumatano huchimba mitaro katika shamba la mmoja wao. Kavindu alikizunguka kichwa polepole.

"Hapa ni robo ekari?" aliuliza, na wenzake wakacheka. "Baba Mwongeli, kwenye mwethya hujawahi kushika jembe. Lakini tutachimba. Kichwa kikiisha, tunachimba mlima. Ndila ni mwenzetu."

"Kichwa kwanza," Musyimi alisema.

"Na mlima?"

"Mlima nao."

Kavindu alimfanya aseme mara mbili.

Walimketisha kwenye kigoda. Walivuta uzi kutoka sikio hadi sikio, wakaning'iniza pimamaji, na wakachimba kwa uma na vibanio mitaro saba ya fanya juu, ile ambayo udongo hutupwa upande wa juu. Kingo zilipandwa ndevu zake mwenyewe, kwa sababu ndevu zina mizizi migumu. Ndila alirudisha nywele kutoka bakulini. Waliimba kwa sauti ya chini maana sikio lilikuwa karibu. Saa nne walikuwa wanakunywa chai.

Jumamosi mvua ilinyesha saa mbili nzima, na Musyimi alisimama nje kwa makusudi. Maji yalitulia katika kila mtaro. Ndege mmoja alikunywa kwenye mtaro wa tatu. Unywele haukusogea. Daktari Gakenia alikuja akapima kwa rula, akaandika kwamba kulia na kushoto sasa hakuna tofauti, na kwamba njia ni tatu.

Jumatano akina mama walifika na majembe na sepetu. Musyimi aliwapokea langoni.

"Akina mama, harusi ipite kwanza."

Harusi ikapita, na picha zilitoka nzuri sana.

"Ngojeni nivune."

Akavuna.

"Lakini mitaro inakula shamba," alisema, akijipapasa kichwa.

"Na ulisema mara mbili," Kavindu alimkumbusha.

"Nilisema."

Siku hizi wanaume wenye upara huja kutoka hata Mtito Andei. Musyimi huwaeleza ukanda, huwaeleza moja moja, kisha huwapeleka kwa Kavindu, ambaye huchimba vichwa Alhamisi. Kikundi kimenunua pimamaji mpya.

Mvua za Aprili zilipokwisha, Ndila alipima tena. Hatua nne. Alishuka korongoni na bakuli lake la samawati kuangalia kama kuna mali ya mtu. Hakukuta hata unywele mmoja. Alijaza bakuli kile alichokikuta, akapanda mlima.

"Baba Mwongeli, udongo wako umefika kwangu."

"Mwaga tu hapo," Musyimi alisema kutoka ndani, alikokuwa akichana mtaro wa tano.

Ndila akamwaga, akakung'uta bakuli, akateremka kuhamisha ghala.