Mbwa Wanaoruka Kama Sungura

"Ninachokwambia ni kweli tupu, haki ya Mungu, na kama kuna neno moja la uongo, radi inipige hapa hapa nikiwa nimeshika kikombe."

Hivyo ndivyo Mzee Ignatius Amolo alivyoanza siku ile, kama alivyoanza siku zote. Mgeni wake alikuwa Bwana Bildad, mtu wa Nyeri anayeuza vipuri vya magari Kisumu mjini, ambaye duka lake lilikuwa limevunjwa na wezi. Alitaka mbwa. Na upande ule wa ziwa, aliyetaka mbwa mkali alielekezwa Katito kwa Amolo, mstaafu wa kiwanda cha sukari aliyejifundisha ufugaji wa mbwa peke yake, bila kitabu, bila mwalimu, na kwa hiyo bila mtu wa kumwambia amekosea.

"Babu yake huyu," Amolo akasema, akimwonyesha Jenerali, dume la Kijerumani lenye kifua kama gunia la mahindi, "alimkamata kiboko pale Kendu Bay. Si kumfukuza, Bwana. Kumkamata! Akamvuta kwa sikio mpaka kituo cha polisi. Pingu za kumtosha zikakosekana."

"Na kiboko alikubali kosa?" Bildad akauliza.

"Alinyamaza. Wakili wake alikuwa bado njiani."

Bildad akacheka mpaka akamwaga chai. Amolo akaona ndio wakati. Akapiga mluzi, na jike aliyekuwa kivulini akainuka, tumbo limejaa mimba, akavuka uwanja akiinua miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja, hop, hop, hop.

"Umemwona Malkia? Hizo ni mbio za sungura. Mbwa wa kawaida anatupa mguu mmoja mmoja kama mtu anayekwenda sokoni. Wangu wanajikunja, wanajirusha. Ndiyo alama ya damu yenyewe."

Mbio za sungura zilitoka kinywani mwa Amolo mwenyewe. Miaka ya nyuma mnunuzi mmoja alimuuliza mbona mtoto wa mbwa anaruka vile, na ulimi ukajibu kabla kichwa hakijaamka. Neno likaenda Pap Onditi, likafika Muhoroni, na watu wakaanza kuja wakiulizia wale wanaoruka. Desturi ya hapo ni kwamba mwenye dume halipwi pesa. Watoto wakizaliwa, yeye anachagua mmoja kabla ya wengine wote. Kila mara Amolo alichagua jike, na kila mara yule anayeruka kuliko ndugu zake. Akamlea, akamkuza, akampandishia Jenerali, baba yake. "Damu nzuri haitoki nje ya boma," alisema. Alilisema hilo mara nyingi hata akaliamini, na aliyeliamini kuliko wote alikuwa ni yeye.

Chai ilikuwa haijapoa wakati tuktuk iliposimama langoni. Akashuka Seline, mjane wa Pap Onditi anayefuga mbuzi, ambaye kila mtu humwita Mama Griffins. Nyuma yake akashuka Naswa, daktari wa mifugo, na wawili hao wakateremsha gunia lenye mbwa juu yake. Mbwa alikuwa Kifaru, mtoto wa Jenerali. Bado hajatimiza miaka miwili. Alimwona Amolo, akatikisa mkia, akajaribu kusimama. Miguu ya mbele ilisimama. Ya nyuma ikabaki chini kama si yake.

"Msimamishe," Seline akasema.

"Mama Griffins, karibu kwanza, kuna chai..."

"Msimamishe mbwa wako, Mzee."

Amolo akamtazama Bildad, akatazama mbwa. "Umemlisha omena kupita kiasi, mama yangu. Omena hulegeza mifupa."

"Mwanzo ulisema ni baridi. Juzi kwenye simu ukasema ni jicho la jirani. Sasa samaki. Kesho utasema ni mimi nimemkalia?"

Naswa alichuchumaa, akaukunja mguu wa Kifaru taratibu. Mbwa akalia, sauti nyembamba isiyofaa mwili mkubwa vile. "Ni nyonga, Mzee. Mfupa wa paja haukai kwenye kitundu chake. Unacheza, unasagika. Kasoro hii inarithiwa. Dalili ya kwanza ni kuruka na miguu yote miwili pamoja, maana akiitenganisha anaumia."

Malkia alikuwa anarudi kivulini. Hop, hop. Amolo hakutaka kumtazama, lakini macho yakaenda yenyewe.

"Mama yake huyu ni nani?" Naswa akauliza.

"Malkia."

"Na baba yake Malkia?"

Amolo alikuwa na jibu tayari: dume la kikosi fulani cha Nakuru, lenye nishani. Alishafungua kinywa.

"Usithubutu," Seline akasema. "Malkia ulimchukua kwa dada yangu Dorca, Muhoroni. Nilikuwepo, nilikupikia kuku. Dume lilikuwa Jenerali. Na jike la Dorca, lilinunuliwa wapi? Hapa! Mtoto wa Jenerali vilevile. Wewe Ignatius, umemwoza mzee huyu binti yake na mjukuu wake, halafu unatuuzia vilema unawaita wanajeshi."

Bildad akaweka kikombe chini polepole. "Mzee, yule kiboko nilikuwa nimempenda sana," akasema, akaenda zake.

"Upasuaji upo Nairobi," Seline akaendelea, sauti imeshuka. "Siuwezi. Na sitamwacha aoze akijikokota. Daktari amekuja na sindano. Mimi nimemlea, siwezi kumshika. Utamshika wewe."

Amolo alipiga magoti. Akakipakata kichwa cha Kifaru, na mbwa akaanza kulamba chai iliyokuwa vidoleni mwake, kwa bidii. Naswa akachoma sindano, na mbwa akalamba mpaka ulimi ukasimama. Amolo hakuutoa mkono upesi.

Jenerali alihasiwa jioni ile ile, bwana wake akimshika. Kuhusu Malkia, Naswa alilipapasa tumbo lake muda mrefu. "Watoto watazaliwa," akasema. "Baadhi watakuwa hivi. Usimpe mtu yeyote. Na wale uliokwisha kuwauza, zunguka boma kwa boma ukawaambie watu wasiwapandishe."

"Nitakupa mbwa mwingine, Mama Griffins," Amolo akasema.

"Kutoka wapi? Kutoka hapa mpaka Muhoroni wote ni ndugu. Na wezi walishajua Kifaru hasimami tena. Wiki hii wamechukua mbuzi wawili."

"Basi nifanye nini?"

"Uliniuzia mlinzi. Nirudishie mlinzi. Chukua blanketi yako."

Alifikiri ni maneno ya hasira. Seline alikuwa tayari ameketi ndani ya tuktuk, na amemwachia nafasi.

Sasa Amolo analinda zizi la Pap Onditi, akiwa na rungu na tochi, mpaka mjane apate mbwa asiye wa ukoo ule. Mchana huzunguka kwa miguu, boma baada ya boma, akiwaambia watu. Wengine humfukuza. Mmoja alimpeleka nyuma ya nyumba akamwonyesha kaburi dogo.

Vijana wa bodaboda wa Katito wakimwona hupunguza mwendo. "Mzee Amolo! Siku hizi unabwekea wapi?"

Zamani hapo wangepewa hadithi ya kuwatosha mwezi mzima.

"Kwa Mama Griffins," anajibu. "Nalinda mbuzi."