Nikahi ya Widad na Kioo cha Buluu

Ijumaa, tarehe 24 Februari 2012, baada ya sala ya alasiri, nilimuoza mwanangu nusu. Nusu ya pili iliondoka na kioo cha kompyuta, kilipogeuka buluu tupu mbele ya Maalim na mashahidi, na mie nimekaa mkekani na kanzu yangu mpya, mkono wa kulia nimeunyoosha kwenye kioo. Walii, yaani baba anayeozesha, hushikana mkono na bwana harusi, na mkono wa bwana harusi ulikuwa Maskati.

Mtu ataniuliza kwa nini sikwenda mwenyewe. Waulizeni wakubwa. Pasipoti inataka kitambulisho cha mkaazi, kitambulisho kinataka barua ya sheha, mkubwa wa mtaa aliyewekwa na serikali, na sheha wetu hapa Kiuyu, ambaye alikula pilau ya hitima ya mke wangu akaomba na ukoko, alinitazama usoni akasema hanijui. Kosa langu ni moja tu: siku ya uchaguzi sijui kuificha njia ninayoelekea. Wakubwa waliposhikana mikono huko juu wakatangaza kuwa uhasama umekwisha, nikarudi kwake. Safari hiyo alinijua kidogo, lakini fomu ndizo zilizokuwa zimekwisha.

"Andika wakala, Baba," Widad aliniambia kwenye simu. "Ami Moosa yuko huku, atasimama badala yako. Watu wote hufanya hivyo."

"Mwanangu, mie watu wameniwakilisha umri wangu wote, na unaona walikonifikisha. Hili moja nitalisema kwa mdomo wangu."

Akaniuliza kama nimekula. Nikadhani amekubali.

Ikabaki kompyuta. Ni ya Widad mwenyewe, aliinunua ikiwa imeshatumika alipokuwa akisomesha, akaniachia alipokwenda Maskati kwa ami yake: sanduku zito la kijivu na kioo chenye chogo kama cha televisheni za zamani. Niliiweka kwenye pembe ya ukumbi ambako marehemu mke wangu, Bi Rumaitha, alikuwa akiweka cherehani yake. Mwanzo ilikwenda vizuri. Kisha ikaanza vituko. Nazungumza na Widad, ananionesha sufuria anayopikia, mara uso wake unaganda, kioo chote kinakuwa buluu, na juu yake maandishi meupe ya Kizungu. Nazima, nawasha, inarudi. Nikikaa nayo kitako, buluu tena.

Nikampigia simu Hafiz, fundi wa Gombani. Akaja asubuhi na pikipiki yake, miwani juu ya kofia.

"Inafanya nini, mzee?"

"Inanisusa. Inageuka buluu, inaandika Kizungu, kisha kimya."

"Imeandika nini?"

"Yakhe, ningekuwa nasoma Kizungu ningekuita wewe?"

Akacheka hata akakaa chini. "Shukuru ni buluu, Mzee Marhoun. Ingekuwa kijani, rangi ya chama cha wakubwa, ungeshaitupa kisimani."

Siku hiyo haikuzima hata mara moja. Asubuhi ilikuwa haizimi, na Hafiz alikuwa haji ila asubuhi. Akafuta programu zote akaziweka upya. Ikazima magharibi ile ile. Alipokuja tena akasema ni virusi, akavisaka, akanionesha alivyovipata kama mtu aliyekamata panya. Ikazima. Nikamwambia afungue sanduku atazame ndani, akasema bisibisi ameiacha Gombani. Safari ya tatu akakuna kidevu, akasema labda ni umeme, unapanda na kushuka.

Hapo nikamwelewa. Hilo ndilo neno nililokuwa nikilingoja tangu mwanzo. Huo umeme unapita chini ya bahari kutoka Tanga, ukitufikia sisi umeshachoka, na waliokata utepe siku ya kuuzindua wamelala kwenye viyoyozi vyao hawana habari na mtu wa Kiuyu. Nikanunua stabilaiza. Taa yake ya kijani ikiwaka, kioo kikiwa buluu, vyote viwili vikinitazama.

Basi kila jioni ikawa ni kazi hiyo: kuwasha, kungoja, kutukana. Kabla ya magharibi nafukiza ubani kwenye ile pembe, kama alivyokuwa akifanya Bi Rumaitha enzi za cherehani, nakiweka chetezo chini ya meza. Kompyuta ikizidi kuzima, nazidisha ubani, maana nilishaanza kudhani pana jicho la mtu.

Ikafika Ijumaa ile. Maalim Silima, imamu wetu, kulia kwangu. Mashahidi nyuma. Dada yangu Umkulthum akaja na chetezo kimejaa makaa.

"Nikiweke wapi?"

"Pale pale chini ya meza, nyuma ya sanduku. Na usifanye ubahili, mwaga udi. Leo mama yake naye awe na fungu lake."

Ukumbi ukanukia hata mashahidi wakakohoa. Kwenye kioo nikamwona mkwe wangu, Yasser, na joho lake na kilemba, kijana mpole, ameinamisha macho. Pembeni yake Moosa, mdogo wangu, kifua mbele. Khutba ikasomwa huko. Nikaambiwa, haya, Bwana Marhoun. Nikanyoosha mkono.

"Nimekuoza binti yangu Widad, kwa mahari mliyokubaliana."

Nikaiona midomo ya Yasser ikifunguka. Ndipo ikaja buluu.

"Amekwenda wapi?" Umkulthum akauliza kutoka mlangoni.

"Nani?"

"Mkwe!"

Nikasimama. Nilianza kuwalaani watu wa umeme, nikapanda kwa sheha, nikapanda tena hadi kwa wale ambao majina yao mtu huyataja baada ya kuangalia nyuma kwanza.

"Muogope Mungu, Marhoun," Maalim akasema. "Uko kwenye nikahi."

"Niko, Maalim? Hebu nambie wewe kama niko."

Simu ikalia. Moosa alikuwa akipiga kelele juu ya vigelegele: Yasser amekubali, dua imeshasomwa, halwa inaliwa!

"Mlinisikia nikisema nini?" nikamuuliza.

"'Nimekuoza binti yangu.' Kisha sauti ikakatika, tukaona midomo tu. Lakini si unaye mmoja tu, kaka? Mwengine nani?"

Maalim alikuwa ameinamia simu, anasikiliza. Akatikisa kichwa. "Mie sisemi si ndoa," alisema. "Nasema jina halikufika kule, na jibu halikufika kwa walii. Ni bora irudiwe." Shehe aliyesoma khutba kule Maskati akaleta neno kwamba ndoa imetimia na hakuna cha kurudia. Maalim akashika lake. Widad akaenda kwa mumewe, na mie nikawa silali vizuri.

Hafiz alikuja wiki chache baadaye, safari hii na bisibisi. Akafungua ubavu wa sanduku, akavuta pumzi, akarudi nyuma.

"La ilaha illa Llah. Mzee, mashine hii inanukia kuliko bi harusi."

Feni ilikuwa imeganda. Masizi yaliyochanganyika na mafuta ya udi yameizunguka, meusi, ya kunata, na juu yake vumbi limejishona kama kitambaa.

"Unafukiza wapi?"

Nikamwonesha kwa kidole.

"Hapo ndipo inapovutia hewa. Umeivutisha moshi mwaka mzima. Ikipata moto inajizima isije ikaungua."

"Na umeme?"

"Umeme hauna kosa."

Nilikaa. Nilipekua kichwani nani wa kumwangushia lawama, nikakuta kiti kitupu. Sheha ana yake mengi, lakini chetezo hakukishika yeye. Barua kweli alininyima. Ila kalamu ya kuandikia wakala ilikuwa mfukoni mwangu, na mwanangu aliniomba kwa adabu.

Hafiz akaisafisha kwa brashi na spiriti, akaiwasha. Ikawaka, ikakaa. Siku ya pili baada ya alasiri Maalim Silima akaja na mashahidi wale wale, tukaifungua. Nilimtarajia Yasser. Alitokea Widad peke yake, mtandio kichwani, hina bado iko vidoleni.

"Shikamoo, Baba. Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Mwite mwenzako tuikamilishe, tutulie nyoyo."

"Nitamwita. Lakini nina neno kwanza." Sauti yake haikukwaruza hata kidogo. "Niliomba wakala, hukutaka. Sawa. Tangu Ijumaa ile nipo humu ndani, nimempikia, nimelala nyumbani kwake, na mama yake ananiita mkwe. Sasa mnaniambia irudiwe. Kama leo ndiyo naolewa, Baba, siku zote hizi zilizopita nilikuwa nani humu?"

Nikamtazama Maalim. Maalim alikuwa akihesabu ukindu wa mkeka. Mashahidi wamegeukia mlango. Nikakitazama kioo, na, Mungu anisamehe, mie niliyekilaani kioo kile kila jioni, niliomba kigeuke buluu. Hakikugeuka. Kilibaki safi, na ndani yake uso wa mwanangu, namwona hadi kope, unangoja.

"Baba, unanisikia? Nilikuwa nani?"