Mafuta ni Yale Yale

Hakuwa na darubini. Hakuwa na maabara, wala cheti zaidi ya kile cha ngumbaru, wala jino la kutafunia mua. Na imani kwa Simeon, fundi wa kuchaji betri pale Theta, hakuwa nayo hata punje.

Alichokuwa nacho mzee Ndambuki ni mwanga. Jua likitua, vimulimuli waliwaka kando ya kijito: juu, kwenye migomba yake, kijani; chini, kwenye matete ya nyuma ya kibanda cha Simeon, rangi ya chungwa. Kijani huku, chungwa kule. Kwa nini?

Mezani palikuwa na barua kutoka Thika. Mzee Zacharia, babake Simeon, aliomba siku ya kuja kumposea mwanawe. Mposwa ni Mbithe, kitinda mimba wa Ndambuki.

"Mtu anayemwaga maji ya betri kijitoni, nyumbani kwangu atamwaga nini?"

"Kwani umemwona akimwaga, Baba?"

"Nimeona mwanga."

Cheti hakuwa nacho, lakini kitabu kimoja cha wadudu mzee huyu alikuwa amekisoma. Alijua kwamba tumboni mwa mdudu mna mafuta na mna kimeng'enya, uzi mrefu wa shanga uliojikunja ukaacha kijifuko. Mafuta huwaka humo. Kijifuko kikibana, mwanga ni kijani. Kikilegea, mwanga hushuka kuelekea wekundu. Mafuta ni yale yale. Mkunjo ndio husema rangi. Na tindikali, kama ile ya maji ya betri, kilisema kitabu, hulegeza mkunjo.

Akamponda mmoja wa kijani kwenye kisosi, akamdondoshea ndimu. Kijani kikafifia, wekundu ukazuka.

"Haya! Ushahidi!" Akachukua kalamu: *Mzee Zacharia, msije.*

Mbithe akaisoma begani pake, akacheka kwa uchungu. "Huyo umemponda, Baba. Aliye hai hulinda tumbo lake, tindikali ya nje haiingii. Na kule chemchemi, juu ya migomba yetu, umewahi kuangalia?"

Hakuwahi. Mwenye shaka huangalia pale kidole chake kilipokwisha kuelekea.

Jioni ya pili wakapanda hadi chemchemi, maji yanapotoka mwambani, ambako betri haijawahi kufika. Matete yalikuwa yamesimama kimya. Kisha yakawaka: chungwa, chungwa, chungwa.

Matete kama yale ya nyuma ya kibanda. Wadudu wa ukoo mwingine, basi, waliorithi uzi wenye shanga tofauti, labda moja tu.

"Unaona, Baba?"

"Natazama."

Nyumbani akaichana ile barua yake ya kukataa, akaandika nyingine. *Njooni Jumamosi. Kijana wako nilimshuku bure. Lakini aje anionyeshe anakomwaga hayo maji.*

Akaikunja, akaifunga, akaibonyeza mara tatu, maana gundi nayo hakuiamini, akaitumbukiza kwenye sanduku la posta la Ruiru. Wino ulikuwa ule ule, mkono ule ule. Mle gizani, ndani ya bahasha, mkunjo mpya ulianza safari ya Thika, ukiwa na mwanga wake tumboni.