Namba ya Mama Darlène

Mwaka ule serikali ilipoamua kwamba hata mpunga uingie kwenye kompyuta, sisi wa mtaa wetu hapa Kasongo tulikuwa tumeshachoka kuandikwa. Tuliandikwa kwa ajili ya kura, tukaandikwa kwa vyandarua, vijana wetu waliandikwa kule Lusangi kwa kadi za wachimba dhahabu, walimu walipigwa picha mpaka wakazoea kutabasamu. Kila anayekuja anakuja na tableti ndani ya mfuko wa plastiki, na tableti yake haijuani na ile ya mwenzake aliyepita. Unaulizwa upya jina, baba, mama, mahali ulipozaliwa, kama vile umezaliwa tena wiki hii.

Halafu unaulizwa namba ya simu. Hapo ndipo mimi ninapoingia.

Jina langu ni Chimène, lakini hakuna anayelitumia. Mimi ni Mama Darlène, na Darlène mwenyewe aliolewa Kindu. Nyumba yangu iko juu kidogo, upande wa barabara ya Kabambare, na rezo ya simu inashika kwangu kuliko kwa majirani. Darlène alinitumia panno ya umeme wa jua, nikaitundika juu ya bati, nikapigilia ubao ukutani, watu wakaanza kuleta simu zao kuchaji. Simu yangu mimi haizimwi. Mtoto wa mtu akiwa Goma au Kalemie anapiga kwangu: "Mama Darlène, niitie mama." Natoka mlangoni, napaza sauti mpaka kule kisimani, na mwenye kuitwa anapanda huku anafunga kitenge. Akimaliza kuongea haondoki. Anakaa kwenye benchi, anakuja mwingine, habari zinafunguliwa, nani kaoa, nani kafukuzwa. Ndivyo ninavyopenda. Tangu baba yake Darlène afariki, nyumba tupu siiwezi. Hata ugali sijui kusonga wa mtu mmoja.

Basi, wakati wa kiangazi akaja Bwana Yves, ajenti wa mradi, kijana kutoka Kindu mwenye viatu vilivyokuwa vyeupe. Alifunga turubai karibu na soko, akaeleza kwa kipaza sauti: kilimo cha sasa ni kilimo cha kidijitali. Kila mkulima ataandikwa pamoja na shamba lake, na mvua zikikaribia simu yake itapokea kode, yaani namba ya siri. Ataionyesha kwenye depo, atapewa gunia moja la mbegu ya mpunga, mbegu nzuri, iliyopakwa dawa. Hakuna karatasi, hakuna kujuana, hakuna shefu wa kupitia.

Watu walipiga foleni juani. Papa André, jirani yangu wa chini, alikuwa mbele.

"Namba ya simu, papa?"

"Andika ya Mama Darlène."

"Nauliza yako."

"Yangu iko Lusangi, iko na mtoto wangu Josué, yeye ndiye anatembea nayo. Ukipiga kule utaongea na shimo. Andika ya Mama Darlène, huyo atanifikishia."

Yves aliandika. Nyuma yake mama Anastasie, mjane mwenye shamba lake bondeni, naye akataja yangu. Nyuma yake Victorine, rafiki yangu wa kuchangia chumvi, mwenye simu yake kabisa, lakini simu ya kuamka saa inazotaka yenyewe. Naye akataja yangu. Na waliofuata vilevile. Kwetu hilo si jambo la kushangaza. Mtu anatoa namba ambayo ukiita, inaitika. Yves mwanzoni alinyanyua uso, baadaye hakunyanyua tena. Alikuwa na watu wengi wa kumaliza kabla ya jua kuzama na mgongo ulikuwa unamuuma, nilimwona anavyojishika.

Siku hiyo simu yangu ililia mpaka Victorine akasema, "Leo serikali inakutongoza." Tulicheka sana. Ujumbe wote ulikuwa mmoja: karibu kwenye mradi.

Kiangazi kikapita. Mawingu yakaanza kukaa upande wa Lualaba, watu wakachoma mashamba, wakalima, wakabaki wanatazama simu yangu. Kila asubuhi Victorine alikuja na kikombe chake cha chai mkononi.

"Kode yangu imelala wapi?"

"Bado iko Kinshasa, inatafuta gari."

Siku moja ujumbe ukaingia. Kode moja. Haina jina, haina chochote, ni namba tu na neno "hongera". Nikatoka nje nikawaambia wote, sikuficha. Na kila mtu aliiona kuwa ni yake. Papa André alisema yeye aliandikwa wa kwanza. Anastasie alisema mjane anatangulizwa. Nikasema tusubiri, nyingine zinakuja, rezo ya serikali nayo inapanda milima. Tukasubiri. Hazikuja.

Sijui neno lilianzia kwa nani. Hapa kwetu neno halina mwanzo, lina mahali pa kupita tu. Lilipita kisimani, likapita sokoni, likanifikia kwa mgongo: Mama Darlène amefuta kode za watu. Ameziuza Kabambare kwa wafanyabiashara. Halafu Victorine, Victorine wangu wa chumvi, akaongeza kwamba ameona kitenge changu kina alama nyekundu, na dawa ya mbegu ni nyekundu, maana yake mbegu nimeshazipokea kwa siri.

Ilikuwa mawese. Nilikuwa nimepika sombe, yale majani ya mihogo, mwiko ukanidondokea. Nilikifua kitenge kile hadharani, nikakianika mbele ya nyumba ili wapite waone. Mawese hayatoki upesi, kila mtu anajua. Alama ilibaki, na wapita njia wakaiona vizuri zaidi.

Ubao wangu ukaanza kuwa mtupu. Simu zikahamia kwa Kahindo, mama mfanyabiashara wa kutoka Butembo mwenye jenereta dukani, ambaye anakulipisha na hana hata kigoda cha kukukalisha. Mtoto wa mtu akipiga kutoka Goma, naita, mama yake anakuja, anaongea kwa kunigeuzia mgongo, ananirudishia simu kwa ncha za vidole, anashuka. Benchi likajaa majani ya mwembe wa jirani. Nilipika ugali, nikaula jioni, nikaula asubuhi, na mwingine ukabaki.

Nikaenda kwenye ofisi ya mradi. Rezo hakuna, rudi kesho. Nikarudi. Ajenti ameshuka Nyangwe kuwaandika wavuvi, serikali inawataka nao waingie kwenye mashine. Nikarudi tena. Mwenye ufunguo ana msiba. Mlinzi pale akanionea huruma, akaniambia nipige namba ya bure iliyoandikwa kwenye bango. Nikapiga. Mwanamke mmoja kwenye mashine akanikaribisha kwa Kifaransa, akapiga muziki. Nilisikiliza muziki ule nimekaa juu ya jiwe, miguu imevimba, mpaka simu yangu isiyozimwa ikazimika.

Mvua ya kwanza ikanyesha, na lori la mbegu likafika siku ile ile, limechafuka hadi kioo. Mtaa mzima ulishuka depo. Mimi nilishuka nyuma yao, peke yangu. Walinipisha nipite mbele, lakini si kwa heshima. Ni ule upishaji wa kutaka kuona.

Yves alikuwa mlangoni na tableti yake. Viatu havikuwa vyeupe tena. Nikamsomea kode. Akaibonyeza, akangoja, akaifuta mvua kwa kiwiko, akangoja tena. Halafu akanitazama.

"Mama, wewe ndiwe Chimène?"

"Ndiye mimi."

"Kindu wanakuongelea sana. Kwenye ripoti wewe ndiwe mkulima mkubwa kuliko wote wa Kasongo. Shamba lako linatoka kwenye kijito mpaka barabara ya Kabambare."

Nikamwambia mimi nina bustani ya mihogo nyuma ya choo.

Akageuza tableti ili wote waone, akaeleza polepole, kwa sauti ya mtu ambaye ameeleza jambo hilo sehemu nyingine pia. Mashine haifuati midomo ya watu, inafuata namba. Namba moja kwake ni mtu mmoja. Namba hii iliandikishwa kwa jina la Chimène siku laini iliponunuliwa. Kwa hiyo alipomwandika Papa André na shamba lake, mashine ilisema Chimène ana shamba. Alipomwandika Anastasie, ikasema Chimène ana shamba lingine. Victorine, lingine. Hakuna kode iliyofutwa. Tangu mwanzo ilikuwa moja.

"Na wewe ulipokuwa unaandika hukuona?" Anastasie akamuuliza.

"Niliona, mama. Niliambiwa niandike watu, nikaandika watu. Nilidhani juu kule iko mutu wa kuangalia."

Hakuna aliyemtukana. Alikuwa na uso wa kutolala.

"Sasa inakuwaje?" Papa André akauliza.

"Namba moja, gunia moja. Wenye malalamiko wanaandika kwenye mtandao, kila mtu kwa namba yake."

"Namba ipi?" Papa André akauliza tena, kwa dhati kabisa, na hapo mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, kicheko cha kuchoka, kikaenda kwa mwingine. Victorine hakucheka. Alikuwa anatazama lori.

Gunia lilitolewa, likawekwa miguuni pangu. Kisheria lilikuwa langu. Ningelipeleka kwa Kahindo, kesho lingekuwa Kabambare, na uongo wao ungekuwa kweli kwa kuchelewa. Nililitazama, nikafikiria benchi langu na yale majani.

"Nani atanibebea?" nikasema. "Mkulima mkubwa habebi."

Vijana wawili wakalitupia kwenye baiskeli. Tukapanda nalo, mtaa mzima, kwenye tope. Nyumbani nilitandika turubai chini ya baraza, nikaleta kopo la maziwa, nikamwambia Anastasie apime yeye, maana mimi sikutaka tena kushika kitu cha watu nikiwa peke yangu. Akapima, kopo kwa kopo. Mbegu zile ni nyekundu kama matofali, zinanuka dawa, huwezi kuzila hata ukiwa na njaa gani. Kila nyumba ilipata ya kupanda pembe moja ya shamba, si zaidi. Waliokwisha kulima eneo kubwa walitazama bakuli zao, kisha wakatazama mvua. Papa André alisema atajazia na mpunga wa zamani aliouficha juu ya moshi jikoni, ule mpunga mbaya tunaoujua. Mimi nilipata mabaki yaliyofagiwa, pamoja na vumbi lake. Sina hata bonde la kupanda. Nikamsogezea Anastasie.

Victorine alikuja wa mwisho, na bakuli, bila salamu. Alichota kwa mkono, akainua vidole vyake, akavitazama. Vilikuwa vya waridi, rangi ya maji ya dawa.

"Hii rangi haifanani na mawese," akasema.

"Haifanani."

"Mawese ni manjano kidogo."

"Kidogo."

Halafu akatoa simu yake ndani ya kitenge, ile simu ya kuamka inapotaka, akaisimamisha kwenye ubao wangu, akachomeka waya mwenyewe bila kuuliza upi ni mzima. Mvua ikazidi, hakuna aliyeweza kushuka. Nikaweka maji ya ugali kwenye sufuria kubwa. Walikula kwa vidole vilivyosuguliwa kwa majivu, wakimsema Kahindo na jenereta yake, na mimi nikachangia, maana nilikuwa na mengi.

Wiki chache baadaye akaja ajenti mwingine, msichana, na tableti yake kwenye plastiki. Huyu wa afya. Watoto wachanga waandikwe, ili chanjo ikifika ujumbe uingie kwenye simu ya mzazi. Alisimamisha meza yake mbele ya kwangu, kwa sababu ya rezo. Papa André alipanda amembeba mjukuu, mtoto wa Josué.

"Namba ya simu, papa?"

Nilikuwa mlangoni nachambua mchele. Nikasema, "Papa, usithubutu. Nenda ukanunue laini. Miguu yangu haijapona bado."

"Laini nitaiweka ndani ya nini? Simu iko Lusangi."

"Basi mpelekee Josué mtoto wake huko huko."

Akanitazama, mtoto amelala begani kwake, mdomo wazi. Kwenye benchi Victorine na Anastasie walikuwa wanangoja. Niliwaona wote watatu kwa mara moja, na benchi, na majani ambayo sikuwa nimeyafagia tangu juzi kwa sababu kulikuwa na watu juu yake.

Msichana aliinua kidole juu ya tableti. "Mama, niandike ama nisiandike?"

"Andika," nikasema. "Lakini kwenye jina andika la mtoto, kwa herufi kubwa."

"Sehemu ya jina la mwenye simu inajijaza yenyewe, mama."

Simu yangu ikalia ukutani, kati ya simu zilizokufa za watu. Nikaweka ungo chini, nikaenda nikaichukua. Karibu kwenye mradi, ilisema, na chini yake kode. Nikageuka nimwite Papa André kwa sauti ya kufika kisimani, nikakuta ameshakaa kwenye benchi, anamwambia Victorine asogee.