Sebule Kwenye Sitaha

Apolonia alikuwa amechoka, wala asije mtu kumwambia avumilie. Mara tatu amechora sitaha ya helikopta, na mara tatu mzee Sostenes, mwenye karakana, amemwongezea ukuta.

Karakana yenyewe iko Geita, na miaka yote kazi yake ni kutengeneza makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu. Safari hii ilipata zabuni ya kupanga sehemu ya helikopta kwenye meli ya ugavi ya jeshi la majini: pa kutua, banda la kuilaza, mafuta, mabomba ya kuzimia moto. Apolonia alivipanga vyote vikaenea. Ndipo mzee akaleta sebule. Eti wakubwa wakija kukagua wakae wapi? Ukuta ukasogezwa mita mbili, na wanaofunga helikopta kwa minyororo wakabaki na nafasi ya kuku kutagia. Mmoja wao atakuwa Maige, mdogo wake Apolonia, baharia aliyekwisha kupangiwa meli hiyo.

"Mama Loveness, unanichosha," Sostenes alimwambia Apolonia. "Wachimbaji hapa wanashuka shimoni, kwenye duara jembamba kuliko hapo, na tochi kichwani."

"Duara haliyumbi, mzee."

"Michoro inaondoka Ijumaa. Tumemaliza."

Sikio la kufa halisikii dawa, Apolonia aliwaza. Alhamisi walikwenda Isaka kukagua vyuma vilivyoshushwa kwenye treni. Akaomba kona tupu ya uwanja, akamwaga chokaa, akachora sitaha nzima chini kwa vipimo vyake halisi, na sebule ya mzee ndani yake. Madereva wa malori walisogea kutazama. Katikati akasimika nondo, akaifunga kamba yenye urefu wa pangaboi la helikopta.

"Simama hapa, mzee, shika mnyororo huu. Wewe ndiye Maige. Meli inayumba, pangaboi limeshuka usawa wa kifua."

Akaivuta kamba ikakaza, akaanza kuzunguka nayo mbiombio. Sostenes alitaka kurudi nyuma, akakumbuka kwamba nyuma ameweka ukuta. Akaruka pembeni hatua tatu. Kamba ikapita.

"Nimeikwepa," alisema, akihema.

"Tazama miguu yako."

Viatu vyake vilikuwa nje ya mstari wa chokaa.

"Hapo ni maji," alisema Apolonia. "Na Maige ndiyo kaenda."

Madereva walicheka. Sostenes hakucheka. Alitazama viatu vyake, kisha akarudi polepole hadi kwenye sebule, akaanza kuufuta ukuta kwa soli.

"Wakubwa watakaa jikoni na wapishi," alisema bila kumtazama.

Ufagio wa kumsaidia ulikuwepo. Apolonia aliuona, akauacha ulipo. Alikunja kamba yake na kumwacha mzee afute mwenyewe, mstari baada ya mstari, mpaka chokaa ikampanda magotini.