Mashavu ya Bigirimana

Kambini majirani walimsifu Bigirimana, tena sifa za kumwaga. Watoto wengine njaa iliwakausha, lakini yeye, mwenye miaka miwili, mashavu yalimjaa na miguu ikamviringana. Mama yake, Goreth, alimbeba mgongoni akitembea kifua mbele. Dagaa wa soko la ziwani la Kibirizi hawakuwahi kuwaonja tangu wavuke ziwa kutoka Burundi. Kilichokuwepo ni maharage ya posho ya wakimbizi, na yalipopungua, Goreth aliamua yote ale binti yake Aurore, aliyekuwa na mtihani. Mdogo akabaki na ugali mtupu. Si alikwishanenepa?

Siku moja shuleni, mwalimu wa baiolojia wa Aurore alichora seli ubaoni: utando, kiini, na protini zinazovijenga. Damu nayo, alisema, huzuia maji yake kwa protini. Zikipungua, maji huvujia mwilini na mtoto huvimba na kupoteza hamu ya kula, watu wakadhani amenona.

Kalamu ilimponyoka Aurore.

Alikimbia hadi nyumbani, akambonyeza mdogo wake mguu kwa kidole gumba. Alipokiondoa, shimo lilibaki pale pale, kama kwenye udongo mbichi.

"Mama, kuanzia leo maharage ni yake."

"Acha ujinga. Anayesoma ni wewe."

Aurore aliponda maharage ya sahani yake, akayapeleka mdomoni mwa mtoto. Bigirimana akageuza uso ukutani. Aurore akambembeleza, akamlazimisha, mpaka akalia yeye mwenyewe. Mtoto kafumba mdomo, hataki chochote.

Goreth akacheka kwa upole.

"Si nilikwambia? Huyo ameshiba."