Mkono Kabla ya Nyeusi

Mkono wa Immaculée ulikuwa bado umo ndani ya mkono wa Ekidor pale ukumbi mzima ulipolipuka. Watu walirukia juu ya mabenchi, mtu akamwaga soda, mwingine akaanza kuimba kwa Kiturkana, na vumbi la sakafuni likapanda hadi magotini. Immaculée alitazama kulia, akatazama kushoto, akadhani labda moto umeshika jikoni. Kisha akagundua kwamba wote wanamtazama yeye, na hasa mkono wake.

"Mmeona wenyewe!" Ekidor alipaza sauti, akiuinua juu mkono wa msichana pamoja na wake, kama refa wa ndondi. "Amenipea mkono! Amenipea mwenyewe, sijamlazimisha! Lodwar, mko wapi?"

"Tuko hapa!"

Ndipo damu ilipomshuka Immaculée kutoka kichwani hadi kwenye ndala. Sheria ya saba. Mungu wangu, sheria ya saba.

Katika ukumbi ule wa pool mjini Lodwar, sheria zilikuwa tisa, zimeandikwa kwa kalamu nene juu ya kipande cha katoni na kutundikwa ukutani. Mwenye ukumbi, Rooda, Msomali ambaye kila mtu alimwita Mama Ayaan, alikuwa amezitunga moja moja, kila moja baada ya ugomvi wake. Ya pili ililetwa na upepo: mpira ukisogezwa na upepo wa dirishani si faulo, unarudishwa ulipokuwa. Ya nne ililetwa na wazee wanaocheza na shuka begani: pindo likigusa mpira ni faulo, hata kama mwenye shuka hakuhisi kitu. Na ya saba ililetwa na wanaume wawili waliovunjiana fimbo kwa sababu mmoja aliondoka katikati ya mchezo bila neno. Tangu siku hiyo, aliyekata tamaa humpa mwenzake mkono, mchezo ukaisha kwa heshima. Mkono ukitolewa kabla ya mpira mweusi kuingia, mtoaji ameacha mchezo.

Lakini Kakuma, kilomita kama mia moja na ishirini kutoka hapo, mkono ulikuwa na kazi nyingine kabisa. Kwenye meza ambayo Immaculée alijifunzia, mchezaji aliyebakiza nyeusi husimama kwanza, huegemeza fimbo, humpa mpinzani wake mkono, ndipo hupiga. Alifundishwa hivyo na baba yake, Mzee Kasongo, aliyeubeba mtindo huo kutoka Uvira, Kongo, pamoja na vitu vingine vichache visivyo na uzito. Miaka sita alifanya hivyo bila kufikiri. Mkono ulimtoka wenyewe, kama chafya.

Na nyeusi yenyewe, wee! Ilikuwa imekaa mdomoni mwa tundu la kona kama mgeni aliyefika mlangoni na anangoja tu kukaribishwa. Ekidor alikuwa bado na mipira yake miwili myekundu katikati ya meza. Kila timu, Lodwar na Kakuma, ilikuwa imeshinda michezo minne, na huu wa tisa ndio ungeamua ni mji gani utakaoandaa mashindano ya mwaka ujao, maana hayo ndiyo yaliyokuwa makubaliano: mashindano humfuata mshindi kwao.

Wenzake walikuwa wakiota kombe. Immaculée alikuwa akiwaza nyonga ya baba yake, iliyovunjika mwaka juzi ikaunga vibaya, isiyoweza kustahimili hata bodaboda ya kwenda sokoni, sembuse barabara ya Lodwar. Mzee Kasongo alikuwa amemfundisha binti yake kila alichokijua juu ya meza, na hajawahi kumwona akicheza mbele ya watu. Mashindano yakija Kakuma, angewekewa kiti cha mbele.

"Hiyo si kuacha! Hiyo ni salamu!" Huyo alikuwa Lueth, nahodha wa Kakuma, kijana wa Sudan Kusini mrefu kiasi cha kulazimika kuinama kila apitapo chini ya feni. Alikuwa tayari ameing'oa katoni ya sheria ukutani. "Jamaa, mtu ataacha aje mchezo na nyeusi iko pale? Hiyo hata mbuzi anaingiza!"

"Basi mngeleta mbuzi," Ekidor akajibu. "Mbuzi hatoi mkono."

Ukumbi ukaangua kicheko, na baadhi ya watu wa Kakuma wakajikuta wanacheka kabla ya kukumbuka wako upande gani. Ndivyo alivyokuwa Ekidor, mwendesha bodaboda wa Kanamkemer: pikipiki yake ilikuwa na breki moja, mdomo wake haukuwa nayo hata hiyo.

Kitako cha fimbo kiligonga sakafu mara mbili.

"Waryaa, Lueth, rudisha katoni yangu," Mama Ayaan alisema. "Na wewe Ekidor, achia mkono wa mtoto wa watu. Unataka uende nao nyumbani?"

Ekidor akauachia. Mama Ayaan akapita katikati ya watu taratibu, shungi lake jekundu likifagia hewa, akasimama kichwani mwa meza. Kila mtu aliujua utaratibu wake. Ugomvi ukitokea, mipira isiguswe, watazamaji wakae, na anayelaumiwa aseme kwanza, bila kusemewa. Alisema kwingine huwa wanaanza na mlalamikaji, na mlalamikaji akishamaliza kulalamika, masikio ya watu yameshajaa.

Lueth akafungua mdomo. Mama Ayaan akamnyooshea fimbo.

"Mwenye mkono ndiye aseme."

Lau angeambiwa aibebe ile meza hadi Lokitaung, Immaculée angeona nafuu. Darasani alikuwa mtu wa kuandika jibu pembeni mwa daftari na kumsogezea jirani yake, jirani akanyoosha mkono na kusifiwa. Aliupenda mchezo huu kwa sababu meza haikumdai maneno. Mwaka jana, katika ukumbi huu huu, aliona kiwiko cha mpinzani kikigusa mpira. Ilitosha kugonga sakafu na kusema neno moja. Hakugonga. Alishindwa, na njia nzima ya kurudi Kakuma alilisema lile neno moyoni, faulo, faulo, faulo, likimjia kwa ufasaha mkubwa sasa ambapo halikuwa na kazi.

"Miye..." alianza.

"Sauti!" mtu akadai kutoka nyuma.

"Nyamaza wewe, hapa si mnada," Mama Ayaan akamkata. Kisha, kwa upole: "Endelea, abaayo, dada yangu. Sema na mimi tu. Hao wengine ni viti."

Immaculée akakaza macho kwenye shungi jekundu. "Kule kwetu tunasalimiana mbele ya nyeusi. Papa alinifunzaka hivyo. Alisema, nyeusi ikisha kuingia, mumoja wetu atakuwa na huzuni. Mukono ya mutu wa huzuni haiko salamu, anakupatia tu ili aende. Kwa hiyo tunasalimiana mbele, wote wawili tungali na furaha."

Mzee mmoja aliyekaa karibu na dirisha alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonja kitu akataka kuonja tena. Ekidor aliutazama mkono wake wa kulia, juu na chini.

"Maneno mazuri," Mama Ayaan alisema. "Sasa nijibu jingine. Asubuhi nilizisoma sheria zote tisa kwa sauti. Ulikuwepo?"

Nyuma yake Lueth alikohoa kikohozi kisicho na mafua yoyote. Immaculée alikielewa. Wakati sheria zinasomwa, nusu ya timu ya Kakuma ilikuwa nje ikishusha mizigo. Nani angekumbuka nani alikuwa wapi? Asiyeisikia sheria hawezi kufungwa nayo. Alihitaji kusema hapana tu, neno fupi hata kwa mtu kama yeye, na kiti cha baba yake kingeanza kutafutwa jioni hiyo hiyo.

Lakini alikuwa amesimama pale mlangoni akipaka chaki kwenye fimbo. Aliisikia ya saba. Alitabasamu hata, akafikiri, hawa watu wa Lodwar wanaipa salamu kazi za ajabu.

"Nilikuwa," alisema, na safari hii hakuna aliyedai sauti. "Niliisikia. Nikaisahau. Sina kingine cha kusema."

Lueth akaivuta fulana yake akajifunika uso.

Ajabu ni kwamba ardhi haikupasuka. Immaculée aliingoja, haikupasuka. Sauti iliyomtoka ilikuwa nzito kidogo kuliko alivyodhani sauti yake ilivyo, na ilimpendeza, kama vazi la dukani unalolijaribu kwa mzaha ukakuta linakukaa. Moyo ulimuuma, ndiyo. Alikiona kile kiti kikikunjwa na kurudishwa kilikotoka. Ila kwa mara ya kwanza tangu afike Lodwar hakuwa anatafuta mtu wa kusimama nyuma yake.

"Basi sheria ni sheria," Mama Ayaan alisema, na haikuonekana kumfurahisha. "Mchezo ni wa..."

"Ngoja kwanza, Mama Ayaan." Ekidor alikuwa anajikuna kisogo. "Hebu niulize. Nikirudi steji pale Kanamkemer, wataniuliza, Ekidor, ulimaliza aje? Nitawaambia nini? Ati nilisalimiwa?"

Watu wakaanza kucheka.

"Msicheke, hii ni maisha yangu! Hao jamaa nawajua. Kila asubuhi watakuwa wamepanga laini wananingoja, mmoja mmoja ananipea mkono. Hongera Ekidor, hongera Ekidor. Mpaka nizeeke! Mpaka kwa matanga yangu watanishika mkono ndani ya sanduku!"

Akaizunguka meza, akasimama mbele ya Immaculée, akanyoosha mkono.

"Ejok," alimsalimia kwa Kiturkana.

"Ekidor," Mama Ayaan alionya, "ukiutoa huo, ya saba inakukamata na wewe."

"Wacha inikamate."

Immaculée akausubiri utani ufike mwisho, akaona hakuna utani. "Ejok," alijibu, akaupokea mkono.

Kelele zilizofuata zilitisha kuliko za kwanza. Lodwar walikuwa wanamlaani mchezaji wao na kumpigia makofi kwa pumzi moja. Mama Ayaan aliitazama katoni, akaitazama meza, akahesabu kitu kwa vidole.

"Huyu ameacha. Na huyu ameacha," alisema hatimaye. "Hawawezi kuacha wote, nani ataipiga hii nyeusi, mimi? Mpira mweupe uko wapi? Uko pale. Na zamu ilikuwa ya nani? Basi upigwe hapo ulipo. Na wewe, abaayo, nakuomba, mikono yote miwili kwenye fimbo."

Immaculée akainama. Pigo ambalo dakika kumi zilizopita lingeingizwa na mbuzi sasa lilikuwa na macho sitini juu yake. Akapiga. Nyeusi ikaingia kwa mlio mtamu, lakini mkono ulikuwa umezidisha nguvu: mpira mweupe uligonga ukingo, ukarudi, ukaanza kutambaa kuelekea tundu la katikati. Ukiingia, mchezo ni wa Ekidor.

Ekidor alipiga magoti kando ya tundu, akaubembeleza kama mama anayeita kifaranga. "Kuja, mama. Kuja tu. Karibu kidogo. Usiogope."

Mpira ukasogea, ukapunguza, ukafika ukingoni, ukasimama.

Hata hivyo hakuna aliyepiga kelele mara moja, maana hakuna aliyejua kama sasa ni halali kusalimiana. Ekidor aliinuka akiwa ameficha mikono yake mgongoni. Immaculée ndiye aliyeanza kucheka, kwa sauti, kichwa nyuma, na Lueth akamtazama kana kwamba kuna msichana mgeni aliyeingia kutoka barabarani.

Nje jua lilikuwa bado kali. Alisimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta, akapiga simu, na baba yake akaipokea kabla haijalia vizuri. Mwaka jana alikuwa amempa maneno mawili na kwaheri.

"Mumeshinda?" Mzee Kasongo aliuliza.

"Papa, ngoja. Nianzie mwanzo."

Akaanzia mwanzo. Alimweleza vumbi na soda iliyomwagika, akaiigiza sauti ya Ekidor na kikohozi cha Lueth, akamweleza habari za sanduku la matanga, na upande wa pili mzee alicheka hadi akaomba apumzike kidogo kwa sababu ya nyonga. Alipofika kwenye mpira mweupe uliosimama ukingoni, mzee alimtaka arudie hapo mara mbili.

"Basi watakuja huku," baba yake alisema.

"Watakuja, Papa."

"Na wakikuja, tutachezea sheria gani? Ya mukono yetu, ao ya mukono yao?"

Immaculée alichungulia mlangoni. Lueth alikuwa ameishika katoni, Ekidor ameishika kalamu, kila mmoja akivuta kwake, na Mama Ayaan alikuwa amepanda juu ya benchi akiwaita wote wawili majina ya wanyama.

"Ndiyo wanaigombania sasa," alisema. "Usikate, Papa. Hawajaniuliza."

Na akaingia ndani.